Sare ya mhudumu wa dharura: anza na mgonjwa na barabara, cheo kije baadaye

Swali: Ninasimamia kikosi kidogo cha wahudumu wa magari ya wagonjwa, na karibuni tutashonesha sare mpya. Vijana wengi wanataka kombati za bluu iliyokolea, zenye beji ya chuma kifuani na vyeo mabegani, wakisema ndizo zitakazowapa heshima kwenye ajali. Wachache wanasema fulana na kizibao vinatosha, kwani hakuna mgonjwa aliyepona kwa sare. Mkurugenzi naye anataka nyeupe, kwa kuwa ndiyo rangi ya tiba. Je, sare ina uzito wowote katika kazi hii, na nichague vipi? Nisaidie pia kuhusu kucha, ndevu na tatuu, maana hayo nayo ni ugomvi wa kila siku.

Jibu: Dada msimamizi, sare ina uzito mkubwa, ila si kwa sababu wanazotoa vijana wako. Wao wanajiuliza wataonekanaje. Swali lenye manufaa zaidi ni nani anawatazama, na anahitaji kuona nini. Kuna dereva anayekuja kwa kasi usiku. Kuna mgonjwa aliyelala chini, ambaye hajui hawa waliomzunguka ni akina nani. Na kuna mtu atakayeguswa na nguo hiyo saa chache baadaye, awe mgonjwa wa pili au mtoto wa mhudumu mwenyewe nyumbani. Sare ikiwafaa hao, heshima itafuata.

Nianze na dereva, kwa sababu hapo kosa la sare linaua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu tu kutambua kilicho mbele yake na kupeleka mguu kwenye breki, ameshasogea mita 33 kabla breki hazijaanza kushika. Sasa mweke mhudumu wako hapo, amepiga magoti kando ya lami, amevaa bluu iliyokolea, amempa dereva mgongo. Taa za gari zikiangukia kitambaa cheusi au cha bluu nzito, mwanga mwingi humezwa na kidogo sana hurudi machoni. Zile taa za gari la wagonjwa zinazomweka, ambazo tunadhani zinatukinga, mara nyingine humpumbaza dereva macho: anaona mwanga mkali, haoni mtu aliyesimama pembeni yake. Ndiyo maana bluu nzito bila viakisi, yaani vipande vinavyorudisha mwanga wa taa, siikubali kabisa kwa kazi ya barabarani, hata ikiwa imeshonwa vizuri namna gani.

Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Rangi za kung'ara, ile njano inayoelekea kijani au ile ya chungwa kali, hupata nguvu yake kutokana na mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, iliyomo kwenye mwanga wa jua. Kitambaa huipokea na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Mchana, na hasa jioni na alfajiri, zinafanya kazi nzuri sana. Usiku, chini ya taa za gari, msaada huo unapungua mno. Usiku kazi inafanywa na utepe wa kijivu wa kuakisi, ambao unarudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwa dereva mwenyewe. Kwa hiyo kizibao cha njano kisicho na utepe ni cha mchana, na utepe uliobandikwa kwenye kombati ya giza ni wa usiku. Wahudumu wako wanafanya kazi saa zote, basi wanahitaji vyote viwili.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 20471 cha mwaka 2013 kinagawa mavazi haya katika madaraja matatu. Daraja la juu linataka angalau mita 0.80 za mraba za kitambaa cha kung'ara na mita 0.20 za mraba za utepe wa kuakisi, na utepe wenyewe usiwe mwembamba kuliko milimita 50. Tena linataka vazi lifunike kiwiliwili pamoja na mikono au miguu. Maana yake kizibao kisicho na mikono, peke yake, hakiwezi kufika daraja hilo. Wanaosema fulana na kizibao vinatosha uwaonyeshe sharti hili.

Sharti la mikono na miguu lina mantiki nzuri. Jicho la binadamu ni hodari wa kutambua mwendo wa mwili. Watafiti wamepima jambo hili barabarani usiku kwa miaka mingi, na matokeo yanaelekea upande mmoja: ukiweka viakisi kwenye viwiko, vifundo vya mikono, magoti na vifundo vya miguu, dereva anatambua kuwa yule ni mtu, na anamtambua akiwa mbali zaidi kuliko kama utepe ungekuwa kifuani peke yake. Utepe wa kifuani unaweza kudhaniwa kibao cha barabarani au pipa, lakini nuru nne zinazopanda na kushuka kwa mwendo wa hatua haziwezi kudhaniwa kitu kingine. Mwambie fundi ashone pete mbili za utepe kwenye kila mguu wa suruali na kwenye kila mkono wa koti. Ukiniuliza senti ya kwanza iende wapi, ningeipeleka hapo kabla ya beji yoyote.

Kati ya njano na chungwa, njano ya kijani ipo karibu na urefu wa mawimbi ya mwanga ambao jicho huuona kwa urahisi zaidi mchana, kama nanomita 555. Chungwa hufaa pale mandhari yote ni majani mabichi. Chagua moja, usihangaike zaidi.

Sasa twende kwa mgonjwa, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na vijana wako. Beji ya chuma, vyeo mabegani na bluu nzito ni alama za polisi. Mtu aliyechanganyikiwa, aliyelewa, aliyepigwa, au aliyezindukana na kukuta watu wawili wamemwinamia hasomi maandishi. Anasoma umbo na rangi. Akiona polisi, anajibu kama anavyojibu polisi: anakimbia, anapigana au ananyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakoniogopesha zaidi. Mhudumu anahitaji kujua kijana amekunywa nini, amejidunga nini, saa ngapi na kiasi gani. Anahitaji kumsikia mama akisema kwamba hakuanguka ngazini, bali alipigwa na mume wake, na mume yuko chumba cha pili. Anahitaji msichana akiri kwamba huenda ni mjamzito. Hayo hayasemwi mbele ya mtu anayedhaniwa amekuja kukamata. Dozi ya dawa ya kulevya iliyofichwa kwa hofu inaweza kugharimu maisha dakika kumi baadaye ndani ya gari. Na panapokuwa na ghasia za mitaani, kufanana na dola kunamweka mhudumu kwenye njia ya mawe ambayo hayakumlenga yeye. Vijana wanasema beji itawalinda. Kwa maoni yangu inawaongezea hatari, na ningekataa hata kama wote wangepiga kura kuitaka.

Hofu yao ya kudharauliwa naielewa, kwa sababu kazi hii ilichelewa sana kutambuliwa kuwa taaluma. Marekani, hadi miaka ya 1960, sehemu kubwa ya magari ya wagonjwa iliendeshwa na kampuni za mazishi, kwa sababu magari yao ndiyo yaliyoweza kubeba mtu akiwa amelala. Fikiria mgonjwa anayehema bado, anayechukuliwa na watu wa maziko! Mabadiliko hayakuanzia kwenye nguo. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, kikosi cha Freedom House kiliwachukua vijana Weusi ambao wengi wao hawakuwa na ajira, na daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu za kisasa za kumfufua mtu ambaye moyo au pumzi imesimama, akasimamia mafunzo yao. Walitoa huduma ya kiwango ambacho kilikuwa hakijazoeleka nje ya hospitali, na mafunzo yao yakawa mfano kwa wengine. Kikosi kilivunjwa mwaka 1975, lakini kinakumbukwa hadi leo kwa kile ambacho wahudumu wake walijua kukifanya. Vijana wako wanaotaka vyeo mabegani waambie hadithi hiyo.

Kinachotakiwa mwilini badala ya vyeo ni maelezo. Mgongoni, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, paandikwe MHUDUMU WA DHARURA, kwa maneno kamili. Vifupisho vya idara vinaeleweka na wanaidara tu. Kifuani liwekwe jina na kiwango cha mafunzo, ili daktari wa mapokezi na askari wa zima moto wajue wamwulize nani. Kwenye ajali yenye majeruhi wengi, kiongozi wa eneo avae kizibao cha rangi tofauti kilichoandikwa wadhifa wake. Hilo tu ndilo cheo ninachokiona cha lazima, nacho kinavuliwa kazi ikiisha.

Kuhusu jina, kuna jambo lililonigusa. Mwaka 2013 daktari wa Uingereza, Kate Granger, akiwa mwenyewe mgonjwa wa saratani, aliona kwamba wengi waliokuja kumhudumia hospitalini hawakujitambulisha. Akaanzisha kampeni iliyowataka wahudumu wa afya waanze kwa kusema majina yao, na ikaenea nchi nyingi kabla hajafariki mwaka 2016. Kibandiko cha jina hakiwezi kuchukua nafasi ya kusema, “Mimi naitwa fulani, ni mhudumu wa dharura, nimekuja kukusaidia,” lakini kinamsaidia mzee asiyesikia vizuri, na kinamfanya mhudumu ajue kuwa anajulikana. Jina la kwanza linatosha. Ukoo uache, kwa usalama wao.

Rangi ya msingi basi iwe ipi? Tazama polisi, jeshi, walinzi wa kampuni binafsi na wazima moto wa eneo lako wanavaa nini, halafu chagua ambayo hakuna hata mmoja wao anayo. Uingereza wahudumu wa magari ya wagonjwa huvaa kijani, na baada ya miaka mingi watu wameizoea rangi hiyo kuwa yao. Hiyo ndiyo faida ya sare: kurudiwarudiwa mpaka mtoto aijue. Usibadilishe rangi kila bajeti inapobadilika.

Nyeupe ya mkurugenzi sitaipuuza, kwani nia yake ni njema. Kwa chumba cha daktari inafaa. Barabarani hailingani na kazi: inashika tope, mafuta ya gari na damu, na ikilowa mvua inaonyesha mwili. Mhudumu mwenye madoa ya damu ya mgonjwa wa kwanza anamtisha wa pili. Tena nyeupe ya kawaida haing'ari kama rangi nilizozitaja, wala hairudishi mwanga kwa dereva kama utepe, kwa hiyo haimwokoi mtu barabarani.

Hapa niongeze onyo ambalo wengi hawalitarajii. Usishone msalaba mwekundu kwenye sare. Alama hiyo, pamoja na hilali nyekundu, inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 kama ishara ya ulinzi vitani, na matumizi yake bila idhini yamekatazwa hata wakati wa amani. Kila inapobandikwa ovyo, nguvu yake ya kumlinda mtu vitani inapungua. Kwa sababu hiyo hiyo Marekani ilibuni alama nyingine: magari ya wagonjwa yalipotumia msalaba wa rangi ya chungwa, shirika la Msalaba Mwekundu la huko lililalamika kwamba unafanana mno na wake, na mwaka 1973 Leo Schwartz akachora nyota ya bluu yenye miale sita, katikati ikiwa na fimbo iliyozungukwa na nyoka mmoja. Kila mwale ni hatua ya kazi: kugundua tukio, kutoa taarifa, kuitikia, kutibu palepale, kutibu njiani, na kumkabidhi mgonjwa hospitalini. Hata hiyo nyota ina masharti yake ya matumizi katika baadhi ya nchi, kwa hiyo uliza mamlaka yenu ya afya kabla ya kuichapa.

Nakuja kwenye usafi. Nguo iliyopiga magoti kwenye damu haiendi nyumbani kwa mtu. Kituo kiwe na mahali pa kuvulia, mfuko wa kuwekea nguo chafu, na seti ya akiba ya kila saizi ili mtu aliyechafuka katikati ya zamu abadilishe. Gharama ya kufua mavazi ya kujikinga yaliyochafuliwa ni ya mwajiri. Marekani imeliweka hilo kwenye kanuni ya kazi ya mwaka 1991 kuhusu vijidudu vinavyoambukizwa kwa damu, na naliona ni la haki popote. Mwongozo wa huduma ya afya ya Uingereza unasema kufua kwa nyuzi joto 60 kwa dakika 10 huondoa karibu vijidudu vyote. Kabla ya kupanga hivyo, soma lebo ya koti la kung'ara, kwani si kila utepe unahimili joto hilo. Mafuta ya kulainisha nguo yanaharibu viakisi, na dawa ya kuondoa madoa yenye klorini inaua rangi. Lebo hiyo hiyo hutaja idadi ya juu ya kufuliwa. Koti lililopita idadi hiyo linaweza kuonekana zima kabisa huku halimlindi mtu, basi weka daftari.

Mikono iwe wazi kuanzia viwikoni kwenda chini wakati wa kumgusa mgonjwa, bila saa wala bangili, kama England ilivyoagiza hospitali zake mwaka 2007, kwa sababu mkono uliofunikwa hauoshwi vizuri. Najua hili linagongana na koti refu la usiku. Suluhisho ni la kikazi: koti livaliwe barabarani, likiingia damu livuliwe, na ndani ya gari mhudumu abaki na shati la mikono mifupi.

Kucha zenu hazina mjadala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono, linataka kucha za asili zisizidi nusu sentimita, na kucha za kubandika zisivaliwe na anayewagusa wagonjwa, kwani zinahifadhi bakteria hata baada ya kunawa. Ndevu zipimwe kwa barakoa. Zile barakoa za kuchuja hewa zinazobana uso hazizibi juu ya ndevu, hewa chafu inapita pembeni. Asiyetaka kunyoa kwa imani yake atafutiwe kifaa cha kichwani kinachopuliza hewa safi, au asipangiwe wagonjwa wanaohitaji barakoa hiyo. Hijabu iwe fupi, ya kubana, isiyo na pini, na ziwepo kadhaa za kubadilisha. Manukato yaachwe nyumbani, maana mwenye pumu amefungiwa nawe ndani ya gari na hana pa kukimbilia. Stethoskopu na kamba ya kitambulisho visining'inie shingoni. Mgonjwa aliyepagawa huvuta kilicho karibu, na kamba iwe ya kukatika yenyewe ikivutwa.

Tatuu ningeziacha. Funika zenye matusi, chuki au uchi. Nyingine hazimdhuru mgonjwa, na ugomvi juu yake unakula nguvu ambayo ungeitumia kuwabana juu ya kucha.

Lile la “mgonjwa haponi kwa sare” nalo lina ukweli wake. Mwaka 2012 ulitoka utafiti maarufu uliodai kwamba kuvaa koti la daktari humfanya mtu awe makini zaidi; ulipojaribiwa upya mwaka 2019 matokeo hayo hayakupatikana. Kwa hiyo usimwahidi mkurugenzi kwamba nguo mpya zitaleta umakini. Vijana wakiingia kwa mtu wakipiga kelele, na gari lina chupa za soda sakafuni, shati lililochomekewa vizuri halitafuta hayo. Wala halitafuta picha ya majeruhi iliyowekwa mtandaoni na mtu aliyevaa nembo yenu. Andika hilo kwenye kanuni zenu za sare, kwa sababu nembo inapovaliwa kikosi kizima kinabeba matendo ya aliyeivaa.

Kitambaa ni suala la fundi, ila mpe masharti. Poliesta tupu huyeyuka na kunata kwenye ngozi ikikutana na moto, na pamba tupu hulowa na kubaki nzito. Mchanganyiko wa poliesta 65 kwa pamba 35 ndio uliozoeleka. Buti ziwe za kiwango cha ISO 20345 aina ya S3: kofia ya vidole inahimili pigo la jouli 200, soli haipenyi msumari kirahisi, na sehemu ya juu inazuia maji. Ajali imejaa vioo na vyuma, kwa hiyo hapo usibanie.

Na kabla ya kuagiza za wote, shonesha seti chache za majaribio. Mpe mwanamke mmoja, mwanamume mnene, mrefu na mfupi, kwa sababu suruali iliyokatwa kwa mwili wa kiume ikavishwa wote ndiyo lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa wahudumu wanawake, na mjamzito anahitaji ya kwake kabisa. Wape zamu nzima. Wapige magoti wakandamize kifua cha mwanasesere dakika mbili mbili, washushe machela ngazini, wapande garini na glavu mkononi, watoe mkasi mfukoni bila kutazama. Kisha usiku simamisha mmoja wao kando ya barabara iliyofungwa, akiwa ameinama, nawe mtazame ukiwa ndani ya gari lenye taa za kawaida, mbali kadiri unavyoweza. Msamba ukipasuka, shati likichomoka mgongoni, au ukishindwa kumwona mpaka umkaribie, mrudishie fundi kabla hajakata vitambaa vya wengine.